Aligeukia Ukuta

Nyumba ya Mazoezi,
Ndalambo.
4 Agosti 1998

Ndugu Lwitiko Kibona,
Kijiji cha Mbebe, Ileje.
(Nakala: yadi ya malori, Tunduma)

YAH: MZEE AMBAKISYE KIBONA KUKOSA MTUNZAJI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Baba yako alipokelewa hapa tarehe 11 Mei akitokea hospitalini Mbeya, baada ya kugongwa na lori mjini Tunduma na kuumia ubongo. Hadi sasa anakaa mwenyewe, anasimama akishikwa, na anakula kwa mkono wa kulia. Mkono na mguu wa kushoto bado ni dhaifu. Maneno yanamtoka machache na kumbukumbu yake inakatika.

Kwa utaratibu wetu, mgonjwa harudishwi kwao mpaka ndugu mmoja akae hapa siku saba, afundishwe kumnyanyua na kumfanyisha mazoezi. Kwa kuwa wewe ni dereva na uko safarini mara nyingi, ulimtaja mkeo. Alifika tarehe 28 Julai. Katika Fomu Na. 4, Taarifa ya Mtunzaji, imeandikwa kama ifuatavyo:

(a) Alipoulizwa jina la mgonjwa, mkamwana huyo hakulijua.

(b) Alipoonyeshwa mgonjwa alikimbilia nyuma ya jiko, akajifunika khanga kichwani, na hakutoka huko mpaka gari la kurudi lilipofika.

(c) Mgonjwa naye hakumtambua. Aligeukia ukuta, akapiga kelele na kumwaga uji.

Hivyo imeonekana kuwa mgonjwa hana mtunzaji. Kamati itakaa tarehe 4 Septemba. Isipopata taarifa nyingine, atahamishiwa makao ya watu wasio na ndugu, ambayo yako mkoa mwingine.

Wako katika kazi,
Zaitun Amri
Karani (wa majaribio)


Mbebe,
13 Agosti 1998

Karani,

Barua yako imekuja kwa jina la mume wangu. Yeye ameenda na mzigo Kitwe. Nimeifungua mimi, maana anayesemwa humo ni mimi.

Unasema sijui jina la baba. Ninalijua tangu mwaka nilioolewa, na tangu mwaka huo sijalitaja. Hata hapa siliandiki. Kwetu Wandali, katika ukoo huu nilimoolewa, mwanamke hataji jina la baba wa mumewe, hamtazami usoni, hakai naye nyumba moja. Tukikutana njiani mimi naingia kwenye migomba, naye anatazama upande mwingine mpaka nipite. Tumeishi hivyo miaka kumi na mmoja kwenye kiwanja kimoja na hatujakoseana hata neno. Ninyi wa mjini, wangapi wanaweza kusema hivyo?

Siku ile mlinishika mkono, "Njoo mama, huyu hapa," mkasukuma mlango. Naye amekaa kitandani kifua wazi. Ulitaka nisimame nimkodolee macho?

Hilo la tatu nimelisoma mara nyingi. Unasema hakunitambua. Binti, mtu asiyekutambua anakutazama tu, kama anavyotazama mbuzi anayepita. Yeye aligeuka. Mwanawe mwenyewe akienda anamwita kwa jina la kaka yake aliyekufa. Lakini mimi alinijua mara moja, akageuka kwa sababu ananistahi, na alipiga kelele kwa sababu ninyi mlikuwa mnamvunjia heshima yake, naye hana maneno ya kuwafukuza.

Nilipofika nyumbani nilimwambia shangazi Ruti, dada yake: akili ya kaka yako ipo. Tulifurahi, tukachinja na jogoo. Jogoo hajaisha mdomoni, barua yako hii hapa.

Sitakubali apelekwe kwa watu wasio na ndugu. Ndugu anao. Nataka jina la huyo aliyejaza fomu.

Mimi sina cheo. Nina jembe na darasa la saba.

Gwantwa, mama Tulinagwe


Ndalambo,
21 Agosti 1998

Mama Tulinagwe,

Umeuliza jina la aliyejaza fomu. Ni mimi.

Nimeichana karatasi mara tatu kabla ya kuandika mstari huo. Katika barua ya kwanza niliandika "imeandikwa" na "imeonekana", kana kwamba kalamu ilitembea yenyewe. Haikutembea. Mkuu wetu, Mama Mbonile, alikuwa Mbeya siku hiyo, nami niliachiwa ofisi kwa mara ya kwanza. Nilitaka akirudi akute kila kitu kimejazwa.

Nimezaliwa Tunduma, baba yangu ni msafirishaji aliyehamia kutoka Kigoma. Nyumbani kwetu mkamwana humwamkia baba mkwe asubuhi na kumpelekea chai. Nimemaliza kidato cha sita, lakini hilo lenu sikufundishwa, na baya zaidi, sikuuliza. Ulipoinamisha kichwa nilipokuuliza jina, niliandika "hakulijua" kwa sababu nafasi ya kujaza ilikuwa fupi.

Baada ya barua yako nilimwendea Bwana Danford, mtaalamu wa mazoezi. Sikumwambia kosa langu. Nilimuuliza kama mtu anayeulizia jambo la kitabuni: je, Mzee anaweza kugeuka kushoto? Akasema hapana. Tangu aje, upande wa kushoto kwake ni kama haupo. Ukimwekea sahani kushoto anakula nusu ya kulia tu, anasema njaa. Nikamwambia, lakini ukuta uko kushoto kwa kitanda chake, na tarehe 28 Julai aligeukia ukuta. Bwana Danford aliweka kikombe chini. "Nani alimgeuza?" Nikaaga, nikarudi ofisini.

Mama, naogopa. Nipo kwenye majaribio mpaka mwisho wa Septemba. Karani aliyenitangulia aliachishwa kwa fomu moja yenye makosa, na nakala za fomu yangu wajumbe wa kamati wanazo tayari. Nyumbani wanategemea niajiriwe. Lakini nitasema kabla ya kikao. Nimekuandikia kwanza wewe ili nisiweze kurudi nyuma.

Nisamehe ukiweza.

Zaitun


Yadi ya malori, Tunduma,
30 Agosti 1998

Dada Karani,

Shikamoo zangu zifikie uongozi. Nimekuta hapa yadi nakala ya barua yako ya tarehe 4. Nimekaa nayo siku mbili kwenye foleni ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde, na hii naiandikia juu ya usukani.

Mimi ni Mndali. Sihitaji kuelezwa kilichotokea nyuma ya jiko. Labda na wewe umeshaelezwa. Lakini kamati haijui, na naomba isijue. Iache fomu ilivyo. Nitakuja kusaini ahamishwe.

Usinione mwana mbaya. Nimemtembelea mara mbili. Mara zote mbili ameniona mimi ni baba mkubwa, kaka yake aliyekufa mwaka wa themanini na nne. Mara ya pili aliniuliza kama walionizika walinipa blanketi. Nilisema ndiyo, zito. Akafurahi. Nilitoka pale nikaendesha mpaka Mpemba bila kukumbuka barabara.

Mke wangu ni mwanamke wa kazi, atajaribu. Atavunjika mgongo, tena atavunja na mwiko, na wakwe zangu watasema nimemuoa ili auguze mgonjwa. Kwa wenzetu ng'ambo ya mpaka wanaita mulandu, kesi isiyo na mwisho. Siitaki. Wewe ukinyamaza hutaulizwa kitu, na mimi sitauliza.

Gwantwa asijue nimekuandikia.

Lwitiko Kibona


Ndalambo,
6 Septemba 1998

Kaka Lwitiko,

Barua yako niliipokea siku moja kabla ya kikao. Niliisoma nikafurahi. Nakuambia kama ilivyokuwa: nilifurahi, nikala chakula chote cha mchana kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Baadaye nilipita chumbani kwa baba yako. Alikuwa amekaa anavaa shati. Kifungo kimoja humchukua muda wa mtu kufua nguo. Alifunga vya chini vitatu, cha nne kikamshinda, akakifungua cha tatu na kuanza upya. Hakuna aliyekuwa anamtazama isipokuwa mimi, naye hakujua nipo. Nikaona aibu ya chakula nilichokula.

Asubuhi ya kikao nilimwambia Mama Mbonile yote. Yeye ni Mnyiha wa Mbozi. Alinitazama hivi, akavua miwani.

"Wewe mtoto, una miaka mingapi mkoa huu?"

"Ishirini na miwili, Mama."

"Na hujawahi kuona mwanamke anaingia migombani mzee anapopita?"

"Niliona, Mama. Nilidhani wanachuma."

Sijui kama alicheka au alikohoa. Kisha akasema fomu niliijaza mwenyewe na nitaisahihisha mwenyewe, mbele ya wote, nimesimama.

Wajumbe ni watano. Niliiweka karatasi mezani, nikaisoma nimeinama. Nilisoma (a), nikasema si kweli, kweli ni hii. Nikafanya hivyo mpaka (c). Mjumbe mmoja mwenye suti ya kijivu akauliza, "Sasa karani, tuamini fomu ya kwanza au hii? Zote mwandiko ni wako." Nilisema, "Hii, kwa sababu hii nimeuliza kwanza ndipo nikaandika." Bwana Danford akaongeza habari ya ukuta na upande wa kushoto, akasema katika majuma kumi na moja mazoezi yake hayakuweza kufanya kile heshima ilichofanya kwa dakika moja.

Uhamisho umesimamishwa mpaka tarehe 30 Septemba. Mkeo aje amalize siku saba, na Bwana Danford athibitishe kwamba anaweza kumnyanyua mtu mzima. Asipothibitisha, baba yako ataondoka tarehe 1 Oktoba. Mimi nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio. Nilitegemea mabaya zaidi.

Barua yako sijamwonyesha mtu. Lakini mkeo akiniuliza sitamdanganya. Mwambie wewe kabla hajaniuliza.

Zaitun Amri


Mbebe,
14 Septemba 1998

Zaitun,

Mume wangu amekuja na amesema. Nilimnunia siku mbili. Siku ya tatu nilimpikia, maana nilikumbuka lile blanketi, nikamwonea huruma. Aliniambia, "Nilikuwa nakulinda." Nikamwambia, mtu halindwi kwa kufungiwa nje ya jambo lake.

Umefanya vizuri kusimama. Mimi mbele ya watu watano wa suti ningezimia.

Sasa sikiliza. Tarehe 20 nakuja na shangazi Ruti. Yeye atakaa naye chumbani, ni dada yake. Lakini mgongo wa Ruti umekwisha, hawezi kunyanyua hata debe la maji. Mwenye nguvu ni mimi, na mimi sitamgusa.

Nilienda kwa mchungaji. Anasema si dhambi. Najua si dhambi, sikwenda kuuliza hilo. Mtu amepotelewa na nusu ya mwili, amepotelewa na jina la mwanawe, akabaki ameshika kitu kimoja, kunistahi. Nikiingia mle na kumkamata makwapani mbele yenu, hicho kimoja nitakuwa nimempokonya mimi mwenye viungo vyote.

Wazee wa ukoo wanasema anaweza kuniruhusu mwenyewe. Kama ataniruhusu, vizuri. Kama hataki, sitamlazimisha. Na kwa watu wasio na ndugu haendi.

Tafuteni njia. Ninyi ndio mliosoma.

Gwantwa


Ndalambo,
28 Septemba 1998

Kaka Lwitiko,

Leo saa mbili asubuhi baba yako ameondoka hapa kwa gari la Nyumba, amekaa mbele dirishani, shangazi Ruti kati yake na dereva. Mkeo yuko nyuma na mizigo, amegeukia barabara walikotoka. Barua hii itakukuta ukirudi, kwa hiyo nakueleza siku saba zilivyokwenda.

Siku ya kwanza shangazi Ruti alimwambia kwa Kindali kwamba mke wa Lwitiko yupo nje, na anaomba ruhusa amsaidie. Alisikiliza mpaka mwisho. Akageukia ukuta. Siku ya pili akamwambia tena, akageukia ukuta. Bwana Danford akasema, "Shangazi, endelea kumwambia hivyo hivyo, hilo ni zoezi zuri kuliko yangu," na Ruti akamtisha kwa fimbo.

Njia aliipata Bwana Danford, na njia yenyewe nilikuwa mimi. Chumba cha pili kilikuwa wazi. Nililazwa humo nikaambiwa mkono wangu wa kushoto umekufa, mguu wa kushoto umekufa, na nikianguka nisijisaidie. Kwa kuwa mimi ni mwembamba, nilifungwa kiunoni mfuko wa mchanga. Mkeo alinigeuza, alinikalisha, aliniinua kutoka sakafuni. Mara ya kwanza nilicheka. Aliniambia, "Mgonjwa hacheki, karani. Legea." Mara ya kumi nilikuwa nimelegea kweli. Nikalala pale chini nikitazama dari, nikasubiri mtu aje, nikajua kidogo sana baba yako anasubirije. Huinuliwi kwa nguvu za mikono. Anapita nyuma yako, anapiga magoti, anakukumbatia kifuani, anasubiri upumue, ndipo mnapanda pamoja.

Aliniangusha mara mbili. Nina alama begani. Siku ya saba alininyanyua mara kumi na tano mfululizo, kisha akamnyanyua na mpishi wetu, ambaye ni mama mnene na alipiga kelele bure.

Ruhusa baba yako hakuitoa.

Nilipojaza fomu nilifika kwenye swali: je, mtunzaji ameweza kumnyanyua mgonjwa? Mkono ulitaka kuandika ndiyo. Tarehe 30 ilikuwa inatutazama. Nilimwita Bwana Danford, nikamuuliza niandike nini. Akasema andika ulichokiona. Nikaandika: "Hajamgusa mgonjwa, kwa heshima ya pande zote mbili. Amemnyanyua karani na mpishi, na hakushindwa." Bwana Danford akathibitisha; Mama Mbonile alisoma, naye akasaini.

Nyumbani jirani yenu Mzee Zebedayo amekubali kuja asubuhi na jioni kumwogesha na kumsimamisha. Bado lipo jambo moja nalo linanisumbua. Nilimuuliza mkeo jana: siku akianguka na Zebedayo hayupo? Alikuwa anakunja blanketi. Akasema, "Siku hiyo itanikuta nyumbani."

Zaitun


Mbebe,
19 Novemba 1998

Zaitun mdogo wangu,

Tunaendelea. Mvua zimeanza na tumepanda. Baba anatembea na fimbo kutoka mlangoni mpaka kwenye mti wa parachichi na kurudi, Zebedayo akimfuata nyuma. Mume wangu alikuja wiki iliyopita. Baba alimwita kwa jina la marehemu siku ya kwanza, siku ya pili hakumwita chochote, siku ya tatu alimwambia, "Lwitiko, lori lako linavuja mafuta." Kweli lilikuwa linavuja. Mume wangu aliingia chini ya lori akakaa humo muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

Ile siku uliyoniuliza imefika. Ni juzi.

Ruti alikuwa msibani, Zebedayo shambani. Nilikuwa napalilia nyuma ya nyumba nikasikia kishindo, halafu fimbo ikibingirika. Sikusikia sauti ya mtu. Nikaita jirani, hakuna. Nikaita tena. Nilipochungulia nilimwona yupo chini kwenye tope, amelalia mkono mbovu, mvua inamnyeshea. Anajaribu kuinuka upande mmoja, anazunguka pale pale kama mdudu.

Sikufikiri habari ya wazee wala ya mchungaji. Nilipita nyuma yake. Nikapiga magoti. Alipojua mikono ni ya nani alitoa mlio, akataka kujisukuma mbali nami. Nikamshika zaidi. Nikasubiri apumue. Ni mzito kuliko mpishi wenu. Tukapanda pamoja.

Uso wake sikuuona, nilikuwa nyuma, na macho yangu niliyapeleka kwenye migomba. Fimbo nilimtilia mkononi kwa kupapasa. Neno sikumwambia yeye, niliiambia migomba: fimbo kwanza, halafu kushoto, halafu kulia. Nikasikia fimbo imegonga. Nikasikia mguu umeburutwa. Tukaenda hivyo mpaka mlangoni, nikamkalisha kwenye kiti chake, nikatoka kinyumenyume, nikaenda kukaa jikoni. Sikuuchochea moto mpaka ukazima. Niliwaza, nimemvunja. Hatanisamehe, na hana maneno ya kuniambia.

Ruti aliporudi aliona tope mgongoni na magotini mwake. Akamuuliza, "Kaka, umeanguka?" Akasema ndiyo. "Zebedayo hakuwepo?" Hakuwepo. "Sasa nani alikuinua?"

Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, namenya ndizi. Kisu nilikisimamisha.

Unajua anavyokaa muda mrefu kabla ya neno kutoka. Alikaa. Ruti akadhani amesahau swali, akataka kuuliza upya. Ndipo akasema, polepole, neno zima bila kukatika:

"Sikuona."

Ruti alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikaendelea na ndizi zangu.

Gwantwa